Jina la Mkwe Mlangoni pa Chekechea

Kahonzi alikuwa amezaa na kuolewa kabla hajamaliza kidato cha pili, na hapa kwetu Jilore habari ya namna hiyo kwa kawaida huishia hapo. Yeye hakukubali iishie hapo. Mtoto wake alipoanza kutambaa, alimwachia mama mkwe, akavaa tena sketi ya shule iliyokwisha kumbana kiunoni, akarudi kuketi na wasichana waliomwita Mama Fulani kwa kumcheka.

Mumewe, Sanga, alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Bofa, na nyumbani alionekana kwa nadra. Kwa hiyo ruhusa ya kurudi shuleni haikuwa yake kuitoa. Aliitoa baba yake, Mzee Kiponda, mwenye mji wa familia ile, mkulima wa mahindi na mchicha kando ya mto Sabaki, mtu wa maneno machache na yasiyorudiwa. Wanawe wakubwa walipinga. Mzee aliwasikiliza hadi wakachoka, kisha akasema, "Aende. Mtu aliyesoma hadanganywi kwenye mizani." Mjadala ukafungwa. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu sitaki msomaji amdhanie mzee huyu kuwa adui wa elimu. Laiti angalikuwa adui, kazi yangu ya kusimulia ingalikuwa nyepesi.

Kahonzi alipofika kidato cha nne, shule yake ya kutwa ilianzisha mpango wa kuwaandaa wanafunzi kuwa walimu wa chekechea. Kila Ijumaa wanafunzi waliochaguliwa waliacha madarasa yao, wakaenda kwenye chekechea zilizo karibu na makwao kumsaidia mwalimu na kujifunza kwake. Mtahini wa chuo cha ualimu angekuja kumpima kila mmoja akifundisha, na waliofaulu wangewekewa nafasi chuoni mara baada ya mtihani wa taifa. Mpango ulikuwa mwema. Namna ulivyoendeshwa ni habari nyingine. Mwalimu mkuu, Bwana Phineas, aliwachagua wa kuingia kwa kusoma, mbele ya shule nzima, majina ya walioshika mkia katika hisabati.

"Nyinyi hamna pa kwenda," aliwaambia. "Angalau mtajua kufuta kamasi."

Shule ilicheka. Hivyo ndivyo tunavyowachagua watu wa kuwafungulia watoto wetu mlango wa kwanza wa elimu. Kahonzi hakuwa miongoni mwa waliosomwa. Aliinua mkono, akaomba aingizwe.

"Wewe?" Bwana Phineas alishangaa. "Hisabati yako si mbaya."

"Ndiyo, mwalimu. Ndiyo maana nataka kuifundisha mapema, kabla hawajaambiwa kwamba ni ngumu."

Aliingizwa, na akapangiwa chekechea ya kijijini kwa wakwe zake. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na aliliona siku ile ile.

Mkaza mwana wa Kigiriama hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki akiwa mbele yake, halitamki akiwa mbali naye, na mtoto akirithishwa jina hilo, mtoto naye huitwa Baba. Na hurithishwa: kila mwana wa Mzee Kiponda, alipopata mtoto wa kwanza wa kiume, alimpa jina la mzee, kama desturi inavyotaka. Katika darasa lile walikuwamo wajukuu wawili, Kiponda Mangi na Kiponda Hesbon, kila mmoja akitambulishwa kwa jina la baba yake. Kahonzi asingeweza kumwita hata mmoja wao kama walimu wanavyoita.

Alikwenda ofisini kwa Bwana Phineas. "Nipeleke chekechea nyingine, mwalimu. Hata ya mbali. Nitatembea."

"Kwani pale kuna nini?"

"Kuna watoto wenye jina la mkwe."

Bwana Phineas alicheka mpaka akavua miwani. "Mambo hayo yaachwe nyumbani. Shuleni ni shuleni."

Ningemwelewa kama angekuwa mgeni wa nchi hii. Lakini yeye ni mzaliwa wa ng'ambo ya mto, na mkewe, mwanamke mwenye shahada, humwita baba wa mumewe "Baba" hadi hii leo. Siku ambayo mke huyo angetamka vingine, bwana huyu asingekula chakula nyumbani mwake. Aliyajua yote. Alicheka kwa sababu lililokuwa likimkabili msichana yule halikuwa likimkabili yeye.

Basi Kahonzi akaanza kazi. Mwalimu wa chekechea, Mapenzi, mwanamke wa makamo aliyefundisha nusu ya kijiji kushika kalamu, alimpokea kwa kumkabidhi ufagio, na kabla mwezi haujaisha akamkabidhi darasa. Kahonzi aliokota vifuniko vya soda mbele ya maduka, akavichanganya na mbegu za korosho, akawafanya watoto wauziane na kurudishiana mpaka wakajua kujumlisha bila kuambiwa kwamba wanajumlisha. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Pola, aliyekaa darasani muda mrefu bila kusema neno. Kahonzi alimfanya mwenye duka. Mwenye duka hawezi kunyamaza, wateja watamwibia. Pola akasema.

Wajukuu wale wawili aliwaita Baba Mrefu na Baba Chaki. Wa kwanza alikuwa mwembamba na mtulivu, wa pili alikuwa mfupi na hakuacha chaki ipite bila kuionja. Watoto wengine waliyapokea majina hayo kwa furaha.

"Mwalimu, Baba Chaki anakula tena."

"Mwambie Baba ateme, nisije nikamfunga mdomo kwa leso."

"Baba, tema."

Hakuna mtoto aliyedhurika. Hakuna aliyejiona hakuitwa.

Mtahini alikuja katika muhula wa pili. Aliitwa Bi Nyaboke, mtu wa Kisii, na wote waliomwona kazini wanakiri kwamba alikuwa mwenye haki. Alibeba mwongozo wa chuo, na mwongozo ule ulisema kwamba somo lianze kwa salamu ya mlangoni: mwalimu asimame kizingitini, ampe kila mtoto mkono, amwite kwa jina lake. Hicho kilikuwa kipengele cha lazima. Anayekikosa hafaulu, hata mengine yote yawe dhahabu. Siulaumu mwongozo kwa kutaka mtoto aitwe jina. Watoto wetu wengi huitwa "wewe" na "nyinyi wa nyuma" mpaka wanamaliza shule. Naulaumu kwa kuandikwa na watu ambao hawakumuuliza mtu yeyote wa huku kitu chochote.

Mzee Kiponda alikuwapo. Alikuwa mjumbe wa kamati ya chekechea, na siku zile alikuwa akileta kuni za kupikia uji wa watoto. Aliposikia kuna mgeni, aliketi kwenye benchi lililo nje ya mlango.

"Karibu, Linet," Kahonzi alianza.

"Asante, mwalimu."

"Karibu, Pola."

"Asante. Leo duka limefungwa?"

"Litafunguliwa sasa hivi. Karibu, Baba."

Bi Nyaboke aliinua kichwa. Watoto wengine wakapita, kisha akafika mfupi.

"Karibu, Baba."

"Wote wawili ni Baba?" Bi Nyaboke aliuliza.

Linet, ambaye hakupenda mtu mzima abaki na swali, alimweleza: "Yule Mrefu, huyu Chaki."

Somo likaendelea, na Mwalimu Mapenzi anasema hajaona somo bora katika chumba kile. Lakini lilipokwisha, Bi Nyaboke alimshika yule mfupi begani, akamtoa hadi mlangoni, akamwuliza Kahonzi, "Huyu mtoto anaitwa nani?"

"Baba, mwalimu."

"Nauliza jina lake."

Kahonzi alimfuta mtoto vumbi la chaki mdomoni.

"Umekuwa naye tangu Januari, na jina lake hulijui?"

"Nalijua."

"Basi litaje."

Kahonzi alitazama chini. Kwenye benchi, hatua chache kutoka hapo, mzee alikuwa akitazama mabati ya paa kama mtu asiyesikia kitu. Mwalimu Mapenzi alifungua kinywa, na Bi Nyaboke akamzuia kwa mkono, kwa maana wakati wa upimaji mwenyeji haruhusiwi kusaidia. Swali liliulizwa tena. Halikujibiwa. Bi Nyaboke aliandika, akaaga, akaondoka.

Jioni ile Mzee Kiponda aliwaita wanawe. "Ameulizwa," aliwaambia, "akaulizwa tena, na mwanamke wa chuo mwenye kalamu mkononi. Hakulitamka. Mlisema shule itamharibu. Imemharibu wapi?" Akaamuru jogoo achinjwe, na paja akaagiza apelekewe Kahonzi. Kahonzi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakaa nalo kwenye sahani mpaka likapoa. Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyejua kwamba chakula kile ni cha kushangilia kuanguka kwake.

Mwalimu Mapenzi hakuridhika. Alishuka Malindi, akaulizia, akamkuta Bi Nyaboke katika chumba alichopanga mtaa wa Shella, akamweleza kila kitu. Bi Nyaboke alisikiliza akiwa ameshika kikombe asichokinywa.

"Hata kwetu mambo ya mkwe yapo," alisema. "Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje, naye mzee yuko pale kwenye benchi? Kusema 'silitaji kwa sababu ni la huyu' si kama kulitaja?"

"Na wewe, mbona hukuniambia mapema? Na mkuu wa shule yake?"

Mkuu wa shule hakuwapo kutoa jibu lake, na Mwalimu Mapenzi akaomba tu msichana apimwe tena.

"Nitarudi Ijumaa, kabla sijafunga alama," Bi Nyaboke alisema mwishowe. "Amwite kila mmoja wao mara moja tu. Zaidi ya hapo sina uwezo. Na baada ya Ijumaa hakuna nafasi nyingine. Mpango ni wa wanafunzi wa mwaka huu."

Kahonzi asingeweza kumwendea mkwe wake na jambo kama hilo. Alimwendea mama mkwe, ambaye watu humwita Mama Mangi, akamkuta jikoni akipepeta.

"Mama, naomba uniombee ruhusa. Bila jina lile chuo kimekwenda."

Mama Mangi hakuacha kupepeta. "Baba wa mume wangu alikufa kabla hujazaliwa. Jina lake halijagusa ulimi wangu hadi leo. Naye amekwisha kuoza, mwanangu."

"Najua, mama."

"Sikukuambia sitakwenda. Nakueleza tu unaniomba nini."

Alikwenda. Alirudi akiwa amefunga leso upya, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kukaa zaidi ya alivyoruhusiwa kukaa. "Amesema haiwezekani. Amesema aibu ya namna hiyo hawezi kumtwika binti wa watu."

Kahonzi aliitikia, akatoka. Lakini alikuwa ameamua. Ijumaa ilikuwa zamu ya mzee ya maji shambani, na mkulima wa huku haachi zamu yake ya maji. Asubuhi yote angekuwa mtoni na jembe, mbali na chekechea. Kahonzi angelitamka jina wakati mwenyewe hayupo.

"Watoto watasema nyumbani," Mwalimu Mapenzi alimwonya.

"Watasema. Na mimi nitakuwa nimekwisha kulisema."

"Wakikurudisha kwa baba yako?"

"Nitakwenda chuoni nikitokea huko."

Siku moja kabla, alipokwenda kuteka maji, alijaribu. Mara ya kwanza midomo ilisogea bila sauti. Mara ya pili ilitoka kwa mnong'ono, naye akageuka kutazama nyuma. Akajaribu tena na tena, hadi likawa neno kama maneno mengine. Mwalimu Mapenzi ananiambia kwamba asubuhi ya Ijumaa msichana yule alifika mapema, akamwambia kwa furaha, "Limekubali."

Bi Nyaboke aliketi ndani, kwenye kiti cha mtoto, mwongozo ukiwa magotini. Watoto walipanga mstari nje. Kahonzi alisimama kizingitini.

Ndipo Mzee Kiponda alipotokea. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikutanoni, na viatu. Zamu ya maji alikuwa amempa jirani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Hakuketi kwenye benchi. Alikuja akasimama ubavuni mwa mlango, karibu na mkaza mwana wake kuliko desturi inavyopenda, akaitikia shikamoo za watoto, akatulia.

"Karibu, Linet," alisema Kahonzi. Sauti ilikuwa imepungua.

"Asante, mwalimu."

Mstari ukasogea. Akaingia Pola, wakaingia wengine. Akafika yule mrefu, akanyoosha mkono wake mwembamba. Kahonzi aliupokea. Kinywa chake kilifunguka. Mwalimu Mapenzi, aliyekuwa ukutani, anaapa kwamba midomo ilikwisha kujipanga.

"Kiponda," akasema mzee, kwa sauti kubwa na safi.

Mtoto alimtazama babu yake, akamtazama mwalimu, asijue amjibu nani. Bi Nyaboke alisimama. Mstari ukaendelea kusogea, kwa kuwa watoto wa nyuma husukuma, na yule mfupi akajikuta mbele.

"Kiponda," mzee alisema tena. Akamgeukia mtahini kwa adabu, kama mtu aliyemaliza kazi ya wote. "Tayari, mwalimu. Endeleeni."

"Mzee, tafadhali," Bi Nyaboke alisema. "Ni yeye anayetakiwa kuita."

"Ulitaka jina, nimekupa jina. Ni langu. Sikuliazima kwa mtu."

"Nimekuelewa, mzee wangu. Lakini mimi siandiki nilichoelewa. Naandika nilichosikia kwake." Akamgeukia Kahonzi, na sauti yake ikawa ya kuomba. "Mwanangu, watoto wako hapo. Waite. Mara moja tu."

Kwa Kahonzi jina lilikuwa tayari. Lakini mzee alikuwa ameacha maji ya shamba lake, akavaa viatu, akaja kumbebea aibu ile mbele ya watu ili isimguse yeye. Kulitamka baada ya hapo kungekuwa kumtupia zawadi yake usoni, wajukuu wake wakitazama. Angemvunjia desturi asipokuwapo. Hilo alikuwa amelikubali moyoni. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Aliwatazama watoto wale wawili, akawapa mikono yote miwili kwa pamoja.

"Karibuni, Baba," alisema.

Bi Nyaboke aliketi. Alikaa mpaka mwisho wa somo, ingawa halikuwa na alama tena, na alipoondoka alimpa Kahonzi mkono. Aliyefaulu na kuwekewa nafasi ni Vivian, msichana wa kidato kile kile aliyekuwa akifanya mazoezi yake Malindi mjini, na aliyewaita watoto wake wote kwa majina bila taabu, maana hakuwa na mkwe. Bwana Phineas alipoletewa habari alisema, "Nilimwambia ayaache nyumbani," akageukia mambo mengine.

Namtaka msomaji atazame aliyebebeshwa mzigo. Desturi ilimwambia msichana nyamaza. Chuo kikamwambia sema. Na kati ya desturi na chuo walikuwapo watu wazima wanaofahamu lugha zote mbili. Mstari mmoja katika mwongozo ungetosha: mtoto aitwe kwa jina analoitwa na watu wa kwao. Kubadilishiwa chekechea kungetosha. Neno moja la mkuu wa shule kwa mtahini, siku ya kwanza, lingetosha. Hakuna aliyekosa maarifa. Kila mmoja aliona kwamba ni jambo la msichana, na mambo ya wasichana hujimaliza yenyewe.

Kahonzi alifanya mtihani wa taifa, akapata alama ambazo hazikumfikisha kokote bila ule mpango. Sasa yuko shambani kwa mkwe wake, kwenye mchicha, na mtoto wake akicheza kando. Mwezi ambao vyuo hufunguliwa, Mzee Kiponda alimwuliza mkewe kwa nini mkaza mwana hajafunga mizigo. Mama Mangi akaenda kumwuliza Kahonzi, ingawa jibu alilijua. Walikaa kidogo jikoni, wote wawili, wakitafuta neno ambalo halitamwambia mzee kwamba ni sauti yake iliyofunga njia.

"Mwambie nafasi zilijaa," Kahonzi alisema.

Mama Mangi alikwenda kumwambia. Mzee alifikiri. Kisha alitoka mwenyewe hadi mahali Kahonzi alipokuwa akitwanga, akasimama mbali kama inavyopasa, akamwambia kwa upole aliokuwa nao kwa nadra:

"Usihuzunike. Nadhani tulichelewa. Mwakani nitakwenda mapema, niwaite kabla yule mama hajaketi."

"Ndiyo, Baba," alisema Kahonzi.